Kwenye Elfu Tatu na Mia Nane

Asubuhi niliifunga kwa pini.
Pini ya chuma, nene kama kidole cha mtoto;
nikaisukuma kwenye gurudumu la kamshafti mpaka ikalia ta,
na vali nane za kuvuta hewa zikawa watumwa wa saa moja:
kufunguka pale pale, kufunga pale pale,
iwe injini inatembea, iwe inakimbia.

Mvua ya Hamamatsu ilikuwa inapiga bati la maabara.
Nikawasha.

Kwenye elfu moja na mia tano ilikohoa,
ikatetemesha kikombe cha chai cha mzee Murofushi.
Msokoto: mia na ishirini na nane.
Juu, kwenye elfu sita na ushei, ilihema tu,
pistoni zinavuta, hewa ingali njiani,
na mlango umeshafungwa.
Niliandika. Huruma haina safu kwenye jedwali.

Baada ya chakula nikachomoa pini.
Injini ile ile, petroli ile ile, joto la oili lile lile.
Ila sasa oili ilipenya kwenye gurudumu,
ikalizungusha nyuzi kumi, ishirini, arubaini,
na vali zikajua adabu ya wenye nyumba:
ajaye polepole hufunguliwa kabla ya hodi,
akafungiwa upesi, asije akageuka akatoka;
wajao mbio, mlango huwangoja
mpaka wa nyuma kabisa naye aingie.

Kikombe kilitulia.
Chini, mia na hamsini na moja.
Juu, mia na sabini na mbili.

Nikazibandika karatasi mbili dirishani, moja juu ya nyingine.
Mstari mweusi, kilima.
Mstari mwekundu, uwanda.

Mzee Murofushi akaja, miwani imepanda kwenye paji.
Kamshafti hiyo, mpindo wake aliuchora yeye,
kwa penseli, mwaka niliozaliwa,
kabla hata hatujaipa ruhusa ya kusogea.
Akaweka ukucha pale mistari inapogusana,
elfu tatu na mia nane:
mia na themanini na moja,
mia na themanini na moja.

"Hapa," akasema, "hatukukosea."
Akaenda kuosha kikombe.

Ripoti ina nafasi ya maoni, mstari mmoja tu.
Nikaandika: kwenye 3,800 hakuna tofauti.
Kesho meneja Sakurada ataniuliza
nani alitaka kujua hilo.