Mwezi wa Tatu, Nyuma ya Jikoni

Kiraka hiki, hatua kumi na nne kwa tisa,
nimekipima kwa kandambili za Mideva
maana zangu zimekatika kamba.
Visigino vyangu vinaning'inia nje
kama wageni waliokuja bila kualikwa.

Tangu Krismasi jua halijatuonea haya.
Udongo wa Chavakali umekuwa tofali,
jembe linagonga, linarudi,
linaniuliza: wewe ni nani,
na mwenyewe yuko wapi?

Mwenyewe yuko Dammam,
anapiga pasi kanzu za watu wasiojua jina la mamake.
Usiku wa manane simu inatetema chini ya mto:
sauti yake ya kunong'ona, ya kujificha msalani,
"Anza na ukoka. Usiukate, ung'oe.
Ukoka ukiukata ni kama umeupalilia.
Na samadi ya ng'ombe wa Jerida usiitie mbichi,
itaunguza. Nakujua na haraka zako."

Basi nang'oa.
Mzizi mweupe, mrefu, wa pingili pingili,
unapita chini ya ardhi kama uvumi
na kuibuka kwa jirani ukiwa umenenepa.
Siku tatu. Mgongo unalia kama bawaba.
Nimefukua kijiko cha plastiki,
betri mbili zilizovimba,
kichwa cha mwanasesere,
na ndara ya Luvai ya alipokuwa na miaka mitatu.
Leo isingemtosha hata kidole gumba.
Nimeiosha. Sijui kwa nini nimeiosha.

Jerida ananichungulia juu ya ua wa michongoma:
"Baba Luvai, siku hizi mnavu unapandwa na wanaume?"
Namwambia, naandaa tu,
mvua ikija ikute meza imetandikwa.
Anacheka mpaka anashika kiuno,
kisha ananiletea majivu nusu debe.
"Nyunyiza pembeni. Viwavi hawatakuonea huruma
eti kwa sababu huna mke nyumbani."

Mbegu ziko pale alipoziacha,
juu ya meko, ndani ya vitambaa vilivyofungwa fundo,
vinne, vyeusi kwa moshi, havina jina.
Yeye alizitambua kwa kuzipima kiganjani.
Mimi nafungua: punje nyeusi.
Punje nyeusi.
Punje nyeusi, ndogo zaidi.
Na kunde. Kunde, Mungu azibariki, nazijua.
Mrenda ni upi? Saga ni ipi?
Miaka kumi na mmoja nimekula kwa mkono wake
na sikuwahi kuuliza chakula changu kilianzia wapi.

Niliona haya kumpigia.
Nikazichanganya na mchanga, kama nilivyomwona akifanya,
nikazimwaga kwenye mistari iliyopinda,
nikaziambia: mtajitambulisha wenyewe.

Mvua ilikuja Alhamisi, saa tisa alasiri,
kutoka upande wa Nandi.
Ilianza kama mtu anayehesabu sarafu,
kisha ikamwaga mfuko mzima juu ya mabati.
Luvai akatoka mbio, shati la shule na vyote.
Nami nikasimama mlangoni, mkono nje, simu kiganjani,
bila kusema neno.
Dakika moja na nusu ya mabati.
Nikaituma.

Alama mbili. Zikageuka buluu.
Kisha kimya,
kimya cha usiku mzima, na vyura juu yake.

Alfajiri ikaja sauti, imekwaruza,
ya mtu aliyelia, au mwenye mafua, sikuuliza:

"Nimesikia matone yakigonga chuma, karibu na pipa.
Umeacha jembe nje.
Liingize. Ule mpini aliuchonga baba."

Nikavaa kandambili zake,
visigino vikaingia matopeni,
na mistari yangu iliyopinda ilikuwa pale,
imelowa, imenyamaza,
bado haijasema lolote.