Maji ya Kunde

Printa niliinunua kwa malipo ya mnada wa pili,
mwaka ule korosho ziliposhika bei,
nikaitoa stendi ya Newala nyuma ya bodaboda
imefungwa kwa mpira kama mbuzi wa sikukuu.
Chupa nne za wino: samawati, majenta, manjano, nyeusi.
Nikajiambia, dunia yote imo humu,
kilichobaki ni kuichanganya.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Somoe, mke wangu,
siku ya kumtoa mwali wa dada yake,
amevaa kitenge cha damu ya mzee,
anacheka, kashika ungo.
Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa yeye mtupu.
Kwenye karatasi akatoka mtu aliyepakwa unga,
na kitenge kinawaka.
Akaishika picha kwa ncha za vidole.
"Hii si damu ya mzee," akasema, "hii ni ya kijana,
tena kijana aliyejikata sasa hivi.
Na huyu mwanamke ni nani?"

Nikatafuta. Kumbe printa, bila kuulizwa,
hung'arisha kila uso unaopita mbele yake.
Nikakizima hicho kiherehere.
Kumbe kioo changu kilikuwa kikali mno,
kinanionyesha mchana wakati karatasi iko jioni;
nikakishusha mpaka nikakodoa macho.
Kumbe nimeiambia karatasi ni ya barua
nayo ni ya picha, hainywi wino vile.
Karatasi kumi na moja.
Somoe wa tano ana ukijani wa ndizi mbichi,
wa saba kahawa iliyoungua,
wa tisa nusu tu, umeme ulikatika akiwa amefika kidevuni.

Nikamwita: "Hivi rangi yako hasa ni ipi?"
Swali la kijinga kumuuliza mtu uliyemuoa miaka kumi na sita.
"Maji ya kunde. Hujui?"
Najua. Lakini chupa ya maji ya kunde haimo.
Sisi rangi zetu tumezikopa jikoni na sokoni:
kijivu ni jivu, chungwa ni chungwa,
zambarau hudondoka ikatia doa kanzu,
na damu ya mzee sijui ni nani aliyeipima.

Akaondoka. Nikadhani amekasirika.
Baada ya saa nzima akaja na bakuli jeupe
la maji ya kunde, yanafuka mvuke.
"Pima."

Tukatoka barazani, maana taa ya ndani,
ile ya mrija, humdanganya kila mtu.
Saa nne asubuhi, ukungu wa bonde la Ruvuma
umeshapanda, umeshatuacha.
Nikakata vipande vyembamba, kila kimoja shavu tu,
nikavipanga ukingoni mwa bakuli.
Toa samawati mbili. Naingia, natoka. Bado.
Ongeza manjano moja. Ngoja ikauke,
wino mbichi husema uongo.
Somoe kaweka mkono wake kando ya bakuli,
mimi natazama bakuli, kipande, mkono,
mkono tena,
ndipo nikaona kovu la mafuta ya ganda la korosho
karibu na kifundo, jeusi, la umbo la tone.
Haliko katika picha yoyote.
Miaka kumi na sita.

Kipande cha sita nilipokiweka, kikapotea.
Jicho lilikipita bila kujikwaa.

Nikaandika kwenye kifuniko cha boksi la wino:
samawati toa nne, majenta toa moja, manjano ongeza mbili,
nje, saa nne, mbele ya Somoe.
Kitenge hakikufika; kimebaki na ukahawa kidogo.
"Mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa," akasema, tukakiacha.

Alasiri nikarudi kuhakikisha.
Bakuli lilikuwa tupu.
Kunde ameshazitia nazi.