Usiongeze, Usipunguze

Kanuni ya kwanza ya ukalimani: akisema "mimi," nawe sema "mimi."
Basi Jumanne, saa mbili asubuhi, mjini Wexel, Nebraska,
chumba kina kalenda ya duka la matrekta,
nilikuwa kampuni:
mimi nasikitika kwa yaliyotokea,
mimi naona hukuvaa glavu ya chuma.
Kisha nikawa Wilondja:
mimi niliomba glavu wiki tatu,
nikaambiwa saizi yangu imeagizwa.

Kinywa kimoja, mate yaleyale.

Kiswahili changu ni cha Tanga, chake cha Fizi;
twakutana kama watu wawili waliobeba kabati ngazini,
huyu akirudi kinyumenyume, yule akisukuma.
Bi. Kopecky alisoma: kasi ya mnyororo,
ng'ombe mia tatu na tisini kwa saa.
Ndivyo wanavyouita huku ule mtambo wa juu
unaopitisha nyama zinazoning'inia.
Nikasema mnyororo. Sikuwa na neno jingine.
Wilondja akaniangalia.
"Mama, hata bao banaiita vile?"
Hata wao, nikamjibu,
na hapo nikavunja kanuni: nilijibu kama mimi.

Mkono wake wa kulia ulikaa mezani, umeviringwa bendeji,
kama mtoto aliyeletwa kazini kwa kukosa wa kumwachia.
Kilichokosekana ni kidole cha shahada.
Kile alichobonyeza kwenye mashine kila mwezi, kambini Nyarugusu, apate unga;
kile kilichowasha taa ya kijani uwanja wa ndege.
Sasa karatasi inataka sahihi:
kwamba atapewa kazi nyepesi,
yaani kitini saa kumi, kuhesabu aproni,
kwamba hana dai,
kwamba sisi ni familia.
Nikatafsiri familia. Ilinishinda kuliko mnyororo.

Hakusaini. Alisema, kwa upole wa mtu aliyeamka saa tisa usiku:
"Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nilijua maana. Nawe unaijua.
Ningeweza kusema: anataka kwanza kuongea na wenzake.
Lakini kanuni ya pili: usiongeze, usipunguze.
Nikasema alichosema. Kidole. Chawa.
Kalamu ya Bi. Kopecky ikasimama.
"Chawa? Kuna chawa humu kiwandani?"
Nikamgeuzia Wilondja swali. Akafikiri.
"Beko," akasema. "Bengi."
Wako, nikasema. Wengi.

Sijawahi kuipenda kanuni kama siku ile.

Alhamisi, katikati ya zamu ya pili, honi ikalia
na mnyororo ukasimama.
Ukaguzi wa afya: kila mtu kando ya sanduku lake, kofia mkononi.
Hodan Warsame wa kwenye mbavu, na ushungi wake, akisubiri pazia.
Eusebio Tzoc wa kwenye shingo.
Wale ndugu wawili Wakareni ambao hakuna aliyejua majina yao.
Miaka minne walijuana kwa visogo.
Niliitwa nitafsiri. Hakukuwa na la kutafsiri.
Muuguzi alipita na kitana na tochi,
akipasua njia kwenye nywele za watu.

Wakingoja, Eusebio akajaribu kukunja ngumi; ikakataa nusu njia.
Akamwonyesha Hodan.
Hodan akavua glavu. Wake vilevile.
Ndugu mmoja akacheka, akanyoosha wake,
na hivyo hivyo, pasipo lugha, ukuta mzima,
mikono mbele,
vidole vimekwama vikishika kisu ambacho hakipo.
Mwishoni kabisa Wilondja, na bendeji yake imeanza kuchafuka.

Dakika arobaini na moja. Nilitazama saa, wao pia.

Bi. Kopecky aliandika: hakuna chawa aliyepatikana.
Chini pana mstari wa sahihi ya mkalimani.
Nikasaini.
Hakuna aliyeniuliza niliona nini.