Hodi kwa Kiini

Saa nane usiku, Mtumba. Upepo unasugua mabati
kama mtu anayetafuta alichokisahau.
Humu ndani feni tu, na seva namba kumi na moja
inayokokotoa malipo ya wastaafu tangu magharibi:
kichakataji asilimia mia, chekundu, juu kabisa,
na kazi haiishi.

Bwana Senyagwa alisema akichukua koti:
"Mashine imechoka, Nyemo. Andika maombi, tununue mpya."

Imechoka.
Mimi nimelelewa Hombolo. Najua
aliyechoka na anayesubiri
hukaa mkao mmoja ukiwatazama kwa mbali.

Nikaandika mwito.
Programu yangu ni mgeni, haigusi chuma;
kati yake na chuma kuna kiini,
na kwa kiini huingii tu, unapiga hodi,
unapewa fomu.
Unataka kuhesabu nini? Mapigo ya saa. Amri zilizokamilika.
Mara ngapi kumbukumbu ya karibu ilikutwa tupu.
Za nani? Za kazi hii moja.
Kwenye kichakataji kipi? Chochote: nikaweka hasi moja.

Kikajibu: huna ruhusa.

Sikukasirika. Mwenye nyumba ana haki
ya kumkatalia anayetaka kuhesabu vyungu jikoni;
anayejua idadi ya vyungu
atajua na siku mliyolala njaa.
Nikachukua ufunguo wa msimamizi, nikasaini daftari la zamu
(jina, saa, sababu: kujua)
nikarudi mlangoni.

Tatu.

Ndilo jibu lote. Si karibu, si ngoja: tatu,
kwa kuwa sifuri, moja na mbili
zina wenyewe tangu programu izaliwe.
Nikachungulia kwa tatu.
Futa. Anza. Sekunde kumi. Simama. Soma.

Vihesabio ni vichache ndani ya chuma kile.
Ukiomba sita na vipo vinne,
kiini huvizungusha kwa zamu, kama mgao wa maji Chang'ombe,
kisha hukwambia bila haya:
hiki kilihesabu nusu ya muda, iliyobaki kadiria mwenyewe.
Nimesoma ripoti ngapi ofisini humu,
zenye mihuri,
na hakuna hata moja iliyokiri hivyo.

Mapigo bilioni thelathini.
Amri bilioni tatu.

Yaani moyo umedunda mara kumi, mkono umeinuka mara moja.
Wekundu wote ule ulikuwa mtu amesimama na ndoo.
Mtungi uko mlangoni, mtupu;
kila tone linafuatwa kisimani, mbali,
na akifika nalo anaambiwa: siyo hilo, rudi.

Nikafungua msimbo.
Jedwali limelazwa mtu kwa mtu, mstari kwa mstari,
na aliyeliandika analikata kwa ubavu,
mwezi mmoja wa huyu, mwezi mmoja wa yule,
mpaka mstaafu wa mwisho, kisha aanze tena.

Hapo nikamsikia Shangazi Yunia, mwezi wa nane, juani,
akimfokea kibarua mpya
aliyechuma kichala mstari huu, akaruka waya,
kichala mstari ule, akaruka waya,
tenga likimgonga goti:
"We! Zabibu zinafuatwa na mstari wake!
Unazichuma au unazisalimia?"

Nilicheka peke yangu, na mashine zikisikia.
Vitanzi viwili tu. Wa nje nikamwingiza ndani,
wa ndani nikamtoa nje.

Dakika kumi na tisa.

Feni zikateremsha sauti, moja baada ya nyingine.
Nikaifunga tatu, maana mlango wa kuchungulia
hauachwi wazi eti kwa sababu umekufaa.
Chai ya chupa ilikuwa imepoa. Nikainywa hivyo hivyo,
nikifikiria chumba changu Makole,
na miaka tisa niliyoonekana chekundu, juu kabisa,
na kwamba sijui namba ya mlango wangu.

Penye "tatizo", daftarini, nikaandika:
haikuchoka.