Zimeni Tochi

Tumepata ubao mpya. Fundi wa Mbale ameuchomelea,
rangi ya kijani, maandishi meupe, na mshale
unaoelekeza pangoni na kidogo pia mbinguni
kwa sababu nguzo moja imekaa kwenye udongo laini.
Kiingilio: mgeni elfu kumi, mwenyeji elfu mbili.
Mabuti ya kukodi yapo. Namba thelathini na tisa imekwisha.
Mwenye pumu aseme mapema.

Mimi ni Yapsoyekwo, zamu ya asubuhi.
Kazi yangu ni kusema, "Inama,"
na kazi yao ni kuchelewa kuinama.
Jiwe la mlangoni halijui cheo:
limeshawagonga padri, mkaguzi wa shule,
na bwana harusi mmoja wa Soroti
aliyetoka kwenye picha zote na nundu.

Ndani nawaonyesha vya kuonyeshwa.
Popo, wameiva darini, hakuna wa kuwachuma.
Chumvi ukutani, inametameta ukiipitishia mwanga;
hapa tembo walichimba kwa meno yao
mpaka ukuta ukaingia tumbo.
Kaa kushoto, mama, kinyesi cha popo ni sabuni.
Hiyo sauti? Ni maji yanayoanguka mlangoni.
Kwa hapa yanasikika kama wanawake wengi
wanapepeta mtama mbali.

Halafu nasema: zimeni tochi.

Si giza la usiku.
Usiku una kona, una dirisha, una mbwa wa jirani.
Hili halina upande.
Unainua mkono na mkono haufiki kwako.
Mmoja hucheka. Mmoja hutafuta kiwiko cha mwenzake
na mara nyingine hukosea mwenzake.
Nahesabu kimoyomoyo hadi thelathini,
hadi kumi na tano nikisikia pumzi zinakimbia.
Hapo ndipo wengi husema wamepata thamani ya pesa yao.

Kuna jambo siwaambii.
Nyuma ya mwamba ule ulioinama
bibi yangu alikaa masika mazima
na ng'ombe kumi na mmoja na kaka mgonjwa,
wavamizi wakizunguka chini kwenye tambarare.
Weusi ule wa darini mnaoupiga picha,
mkiniuliza ni madini gani,
ni moshi wa uji.

Nilipomweleza kwamba watu sasa hulipa kuingia
alikuwa anachambua kahawa, mbovu huku, nzima huku.
Alicheka hadi akakohoa.
Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akauliza,
"Nao huruhusiwa kutoka?"

Alhamisi ilikuja shule, darasa la tano,
watoto arobaini na mbili, tochi saba.
Kelele zao ziliwaamsha popo, popo wakawanyamazisha.
Kijana mmoja, Kwemoi, sweta lake limetoboka kiwikoni,
alibaki nyuma, akausogelea ukuta
akaulamba.
Mwalimu akamfokea: wewe ni ndama?
"Ni chumvi kweli," akasema, kama mtu
aliyekuwa na shaka na vitabu vyote.
Kisha akanigeukia mimi:
"Sufuria walikuwa wanaweka wapi?"

Miaka minne ya zamu, hakuna aliyeuliza.
Wameniuliza urefu, umri, nyoka,
kama kuna mtandao, kama kuna choo.
Nikashusha mwanga.
Mawe matatu, meusi upande wa ndani,
yale yale ninayoyaruka mara sita kwa siku
nikiwaambia wageni, angalieni msijikwae.
Akachuchumaa, akanyoosha viganja juu yake
namna mtu anavyoota moto.
Wenzake wawili wakachuchumaa pia.
Nilisahau kuwaambia wazime tochi.

Jioni nilisuuza mabuti, nikayapanga kwa namba.
Katika daftari la wageni, chini ya Maoni,
mwalimu ameandika: Ziara ya mafunzo, nzuri, njia irekebishwe.
Chini yake, kwa penseli, herufi zinapanda mlima:
Hapa kuna mtu alipika.

Nikarudi ndani peke yangu kuhakikisha
hakuna kofia iliyobaki.
Nikapitisha kidole ukutani.
Sikukilamba.
Haya, nilikilamba.