Kidole Chako Pembeni

Khatibu, nilikwisha kuandika meseji ya matusi,
nikaifuta. Nakuandikia hivi
kwa kalamu ya Haroub wa dirisha namba tatu,
nyuma ya fomu waliyonirudishia.

Ulituma Alhamisi, alasiri ya Maskati.
Risiti niliiona: picha, na kidole chako pembeni,
kile kilichokatwa na shoka ukiwa na miaka tisa.
Nikenda kwa Msellem, nikamwambia: niwekee mabati sitini,
geji ishirini na nane, pesa zi njiani.
Njiani! Kama kwamba njia yenyewe naijua.

Mie nikidhani pesa huruka.
Ukibonyeza huko, huku puu, kama fenesi bivu.
Kumbe huenda kwa miguu,
na kila kituo wana siku yao ya kulala.
Ijumaa kwenu kumefungwa, na Jumamosi.
Jumapili mnafungua nyinyi, tumefunga sisi.
Jumatatu zikafika benki ya katikati,
mji ambao mimi sitouona,
nako wana sikukuu, wanamkumbuka mtu wao.
Jumanne wakaamka, wakatazama jina.

Jumatano ukaniuliza: umeshazichukua?
Bado, nikasema.
Nikaliona neno "anaandika" linatoka, linazama, linatoka.
Kisha: "Risiti ninayo, Mize."
Mwiba wenyewe ndio huo.
Nami nikakujibu: basi njoo uipaue nyumba kwa risiti.

Siku tatu hatukusemezana.
Fundi Kombo akija kila asubuhi, anakaa barazani,
anakunywa chai kwa mkate wa kumimina,
anazitazama kenchi zilivyo tupu,
anatazama wingu linavyotokea upande wa Mtambwe.
Hakunidai kwa mdomo hata siku moja.

Jumamosi usiku ikanya.
Masika hayapitii benki ya katikati.
Mama tukamhamishia jikoni, penye bati moja la zamani.
Akauliza: Khatibu hajaleta?
Kaleta, mama. Kaleta, bado kufika.
Akasema: siku hizi ni vitu viwili hivyo?
Nikashika ufagio, nikasukuma maji.

Leo nimesimama hapa Wete tangu saa mbili.
Haroub kijana wa Limbani, subira yake imeupita umri wake.
Akanitaka namba ya kumbukumbu, ile ndefu.
Nikamwonesha picha.
Namba sita za mwisho zi chini ya kidole chako.
Akacheka, nikacheka, na sikuwa na nia ya kucheka.
Akatafuta kwa jina.

"Hazijapotea, dada. Zimekaa."
Zimekaa wapi?
"Zinamngoja mtu."

Uliandika MIZE FAKI SHAME.
Kitambulisho changu kinasema SHAAME.
A moja, Khatibu.
Huko katikati kuna mtu, au mashine,
imesimama mlangoni inauliza: huyu ndiye yule?
Na wa kuitikia hayupo,
sisi wawili tumenuniana.

Unamkumbuka babu akipiga hodi?
Alilivuta jina lake mpaka mbuzi wakageuka.
Wewe miaka kumi na saba huko, umelifupisha.
Sikulaumu. Labda visanduku vya fomu vilikuwa vichache.

Sheha kaniandikia barua, muhuri umelala upande:
Shame na Shaame ni mtu mmoja, namjua.
Haroub anasema nawe urudi pale pale ulipotumia,
usahihishe jina. Usitume upya,
zitakuwa mbili zinazongoja.
Siku mbili, tatu. Hakuniapia.

Kwa hiyo piga picha nyingine, uondoe kidole.
Msellem kanikopesha mabati kumi kwa uso wangu tu,
yametosha chumba cha mama.
Na jioni nipigie, tusitaje pesa.
Nitaweka simu sikioni kwake.
Litamke jina la babu,
lote, polepole, na ile A yake.