Kupalizwa

Huku kwetu Jumatatu ya sikukuu huitwa daraja:
unavuka kutoka Ijumaa hadi Jumanne
bila kulowana na kazi.
Daraja la Agosti ni la Bikira kupalizwa mbinguni,
na mama anataka Manizales.

Nimetandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
nikaikandamiza kwa kopo la chumvi, kwa redio, kwa limau mbili.
Girardot leo imefika nyuzi thelathini na nane.
Feni inazungusha hewa ileile
kama mtu asiyechoka kurudia lawama.
Wilmar anasema tupite Letras, ndiyo njia fupi.
Wilmar ana moyo wa miaka ishirini na sita.
Letras ni mita elfu tatu mia sita na ushei;
pale hata malori hupumua kwa kinywa.

Daktari Quiñones aliandika kwa kalamu nyekundu:
"Asipande." Neno moja na nukta.
Mama alikikunja kile cheti, akakitia pochini
pamoja na stakabadhi ya mashine ya kufulia
iliyoisha dhamana miaka tisa iliyopita.
"Bikira mwenyewe walimpaliza," alisema,
"wala hakuna aliyempima presha."

Basi napanga kama mtu anayepandisha kabati la vioo ghorofani.
Jumamosi, kuondoka saa kumi alfajiri,
kabla jua halijaamka vibaya.
Ibagué, kahawa. Halafu lile handaki refu,
maana mlima uliokatazwa kuupanda
hukukatazwa kuupenya.
Kulala Chinchiná kwa binamu Arnobia,
ambaye ameniuliza kwenye simu mara tatu
kama mama bado anakoroma.
Jumapili tupande kidogokidogo,
tusimame kila anapotaka na hata asipotaka,
kwa kisingizio cha maandazi, cha choo, cha maua ya barabarani.
Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kikokotoo:
siku tatu za daraja,
na juu kabisa, saa ishirini.

Yolima anatuma picha za hoteli
yenye bwawa la maji moto yatokayo chini ya volkano.
Namuuliza bei. Kimya.
Mama hata hazitazami.
Anataka mtaa mmoja tu wa Chipre,
ule ulioinama mno hata ukichuchumaa kufunga kiatu
jirani wa juu hudhani unamwomba radhi.
Anataka vishada vya Agosti, na mvua ya baridi juu ya bati.
"Mvua ya huku," husema, "ni supu."
Aliteremka akiwa na miaka kumi na tisa,
ameshika sanduku la kadibodi na mkono wa baba,
na kwa muda mrefu nilidhani
kuteremka ndiko kuolewa.

Ghafla mlango wa chumba chake unafunguka.
Amevaa lile koti la sufu, rangi ya zabibu,
lililolala kabatini kabla sijazaliwa.
Jasho linamtiririka hadi kidevuni.
Anasimama mbele ya feni, mikono ameiacha mbali kidogo na mwili
kama mtoto anayepimwa na fundi cherehani.
"Linanitosha," anasema.
Mabega yamemzidi. Vifungo viwili havipo.
Kidonge cha nondo kinaanguka kutoka mfukoni,
kinabiringika hadi chini ya friji,
na Wilmar, yule wa njia fupi,
anapiga magoti kukitafuta, hainuki upesi.

Usiku narudi kwenye karatasi yangu.
Pale nilipoandika "Jumatatu, kurudi"
kuna mwandiko wake, uliolala upande, wa shule za zamani:
"tutaona."
Nimeshika ufutio.
Nje mbwa wa jirani anabweka, ananyamaza, anabweka.
Nimeuweka chini ufutio.
Hapo chini nimeongeza:
soksi nzito, jozi tatu.
Vifungo viwili, rangi ya zabibu.